Bahasha ya Binamu Ismaili

Jumatatu, 2 Oktoba 1972, Mtwara

Daftari hili lilikuwa la kuandikia matairi ya malori. Kurasa zilizotumika nimezichana, zilizobaki ni zangu, maana nina jambo ambalo siwezi kumwambia mtu.

Leo meneja wetu wa usafirishaji alituita ofisini makarani wote wa safari, ndiyo kusema mimi na Ismaili. Akatuambia anastaafu Julai. Atakayekikalia kiti chake lazima awe na cheti cha usimamizi wa usafirishaji, na mtihani ni Mei. Njia za kusomea ziko tatu. Mtu anaweza kusoma kwa posta, mafungu sita ya masomo yakija kwa bahasha kutoka Dar es Salaam. Anaweza kwenda kukaa chuoni huko huko Dar, Februari mpaka Mei, ila kampuni itamwachia mtu mmoja tu, naye atatajwa msimu wa korosho ukiisha. Au atafute mwenye cheti amfundishe hapa hapa, kisha afanye mtihani kama mtu wa nje.

Mimi moyoni nilikwisha chagua posta. Napenda kusoma peke yangu, polepole, nirudie ukurasa mara nne bila mtu kunitazama. Nilikuwa nafungua kinywa niseme, Ismaili akaniwahi.

"Mimi nitasoma kwa posta, bwana meneja."

Basi posta ikaniingia uchungu pale pale. Nilipoulizwa nikajibu kwamba nitafikiri.

Ismaili ni mtoto wa mjomba wangu Athumani wa Nanyamba. Ni binamu, kwa hiyo ni mtani. Anakunywa chai yangu bila kuomba, ananivua kofia mbele za watu, nami nikimkuta amesinzia nampaka masizi. Kwetu aliyekasirikia utani ndiye mwenye aibu. Tumekua hivyo tangu jandoni. Nampenda. Lakini leo nilimtazama akitoka ofisini anapiga mluzi, nikatamani ajikwae.

Jumapili, 8 Oktoba

Mwezi umeandama. Kesho kufunga. Magunia ya kwanza ya korosho yameingia kutoka Nanyamba.

Jumamosi, 14 Oktoba

Mjomba Athumani amekuja na lori la korosho, na juu ya magunia ameleta meza. Ni ya mninga, ina droo mbili na miguu minene. Naijua meza ile. Nilipomaliza darasa la nane mjomba aliweka mkono kichwani kwangu akasema, "Hii yako, mwanangu, ukipata nyumba." Nyumba ninayo mwaka wa tano sasa.

Meza imeshushwa kwa Ismaili.

"Mwenzio anasoma," mjomba akaniambia. "Anaandikia gotini kama mtoto wa chuo cha Kurani. Wewe umeamua nini?"

"Bado nafikiri, mjomba."

"Fikiri upesi, mwanangu. Mwenzio yuko mbali."

Zamani kwetu mtu wa mjomba alikuwa mpwa. Shamba la mjomba, bunduki ya mjomba, jina la mjomba, vyote kwa mpwa. Siku hizi kila mtu amegundua kwamba ana mwana wa kumzaa. Nilisaidia kuibeba meza ile mpaka ndani, tena mguu wake ukanibana kidole. Ismaili akacheka, akasema kidole chenyewe hakikuwa na kazi.

Alhamisi, 26 Oktoba

Malori kumi na moja leo. Kiu.

Jumatatu, 6 Novemba

Jibu la fungu la kwanza la Ismaili limerudi. Mwalimu huko Dar, mtu asiyemjua hata sura, ameandika kwa wino mwekundu: "Vizuri sana. Una akili ya mpangilio." Ismaili ameizungusha karatasi ile ghala zima. Utingo wa malori, wapagazi, mama muuza uji aliyekuja kudai sufuria yake, wote wameonyeshwa.

Nilipofika nyumbani Sharifa, mke wangu, alikuwa amekwisha pata habari. Akasema Ismaili kijana hodari. Nikamwuliza kama futari iko tayari. Akasema nimeulizwa habari ya Ismaili najibu habari ya mihogo.

Jumatano, 8 Novemba

Idi. Ismaili aliiba kofia yangu mpya msikitini, nimeikomboa kwa sahani ya kaimati. Nilicheka kweli. Leo kutwa sikumwonea kijicho, ila mara moja tu, mjomba alipomwita "meneja."

Jumapili, 12 Novemba

Nimekwenda Mikindani kwa baiskeli kumwona mzee Mohamedraza. Huyu alikuwa na malori yake tangu barabara ya Newala ni kichaka, na cheti chake cha zamani kimetundikwa dukani kati ya kalenda na picha ya marehemu babaye. Malori aliyauza. Sasa anauza nguo na misumari, na mkewe Jenabai anamkemea kwa kutoa ushauri wa bure.

"Kwa nini hutaki posta?" akaniuliza.

"Nataka mwalimu ninayemwona."

"Na chuo cha Dar?"

"Mke wangu ni mjamzito."

Akanitazama juu ya miwani. "Na huyo mwenzako amechagua nini?"

"Posta."

"Ahaa," akasema, akapima mita mbili za kitambaa cha marekani za mteja kabla ya kunirudia. "Bwana Hassani, wewe hujachagua njia. Wewe umemkimbia mtu. Lakini kaa. Hata aliyekuja mbio huwa nampa chai."

Somo la kwanza halikuwa na kitabu. Alinipa magunia mia tatu yaliyoko Nanyamba, meli iliyoko bandarini na mvua inayokuja, akaniuliza lori la kwanza liondoke saa ngapi. Nikaanza kuhesabu kutoka Nanyamba. Akanigonga mkono kwa rula.

"Usianze mzigo ulipo. Anza siku unapotakiwa kufika, kisha rudi nyuma, siku kwa siku, saa kwa saa. Utafika kwenye saa moja ambayo ukiipitisha umechelewa, hata kama hakuna mtu mwingine anayejua bado. Meneja ni mtu anayeijua saa hiyo."

Nimerudi nikiwa na furaha ya ajabu. Ismaili hana mwalimu kama huyu.

Jumapili, 26 Novemba

Mikindani tena. Mohamedraza amenisimamia nikaandika barua ya kuomba fomu ya mtihani, ameibandika stempu mwenyewe. Anasema mtu wa nje akingoja kukumbushwa hufanya mtihani mwaka unaofuata.

Jumatano, 6 Desemba

Mvua ya kwanza. Fungu la pili la Ismaili limesifiwa tena. Wino mwekundu ule ule.

Jumatatu, 11 Desemba

Fomu yangu imefika, nimeijaza na kuirudisha kwa ndege. Sikumwambia Ismaili. Yeye ndiye aliyeniambia, bila kuulizwa, kwamba wanaosoma kwa posta fomu yao huja ndani ya fungu la nne, na lazima iwe imerudi Dar ifikapo Alhamisi, tarehe 18 Januari. "Ukiona nimesahau nikumbushe, binamu," akasema. "Wewe ndiye kichwa changu cha akiba."

Jumatatu, 18 Desemba

Ismaili amepelekwa Newala kuyasimamia malori ya huko. Ofisi imetulia. Chai yangu nimeinywa yote peke yangu, na sikuona utamu wake.

Ijumaa, 29 Desemba

Mvua siku ya sita. Barabara ya Dar imekatika, barua zinakuja kwa ndege tu, Jumanne na Ijumaa. Ufunguo wa sanduku la posta la kampuni ninao mimi. Leo ndani yake kulikuwa na bahasha ya kaki, nene, ya Ismaili. Fungu la nne.

Lori la Newala lilikuwa mlangoni linawasha. Dereva Selemani alikuwa ametoa mkono dirishani kuzipokea barua za watu wa huko. Nilimpa zote isipokuwa ile. Nilijiambia ni utani. Mtani akitia mkononi kitu cha mtani wake, hukishika mpaka kikombolewe, na hakuna wa kumlaumu.

Nimeiweka katika sanduku langu la nguo, chini ya kanzu.

Jumatano, 3 Januari 1973

Lori lingine limekwenda Newala. Sikuituma.

Jumapili, 7 Januari

Nimefanya zoezi la Mohamedraza bila kuagizwa. Fomu inatakiwa Dar Alhamisi tarehe 18. Ndege ya mwisho kabla ya hapo ni Jumanne tarehe 16. Mfuko wa barua hufungwa posta saa mbili asubuhi siku hiyo. Basi saa yenyewe ni saa mbili asubuhi, Jumanne. Niliiandika pembeni mwa gazeti, halafu nikalichana.

Alhamisi, 11 Januari

Ismaili amerudi, ana matope mpaka kwenye nyusi.

"Bado hujafa?" akaniamkia.

"Nangoja wewe utangulie nikusomee," nikamjibu.

Akauliza kama fungu la nne limefika. Watu walikuwa wengi ghalani, nikasema kwa sauti ili wote wasikie: "Limefika, limenisalimia, nimelifunga. Likomboe." Ghala likaangua kicheko. Ismaili alicheka kuliko wote. Akaniuliza natakaje. Nikasema jogoo.

Ijumaa, 12 Januari

Asubuhi na mapema ameleta jogoo mwekundu, mkubwa, kamfunga utepe shingoni kama bibi harusi. Ndege ya barua ilikuwa bado haijatua. Kama ningempa bahasha pale, mambo yangekwisha.

Nikamgeuza jogoo huku na huku. "Huyu amefunga sunna," nikasema, "hana kitu ila mifupa. Na Idi kubwa iko mlangoni. Nataka mbuzi."

Wapagazi walipiga magunia kwa furaha. Mbuzi! Haijapata kutokea. Ismaili naye alishika tumbo akicheka, akaapa kwamba nitakufa kwa ulafi. Baadaye akanifuata nyuma ya ghala.

"Binamu, mle mna fomu."

"Najua."

"Tarehe kumi na nane."

"Mtani habembelezi," nikamwambia. Nilisema nikicheka. Akanitazama kidogo, kisha akanipiga bega.

"Haya. Mbuzi atakuja. Najua hutaniangusha."

Jumapili, 14 Januari

Lori lililombeba mbuzi limekwama mtoni karibu na Nanyamba. Nimeombea likae huko huko. Namwomba Mungu anisamehe, lakini niliomba.

Jumatatu, 15 Januari. Idi kubwa

Nitaandika kila kitu.

Mbuzi amefika saa tisa, Ismaili mwenyewe amemvuta kamba kutoka barabarani, kanzu ya Idi imelowa. Ametembea kutoka lori lilipokwama, usiku na asubuhi yote. Hakuswali Idi na wenzake. Majirani walijaa uani kwangu. Mbuzi mweupe, mnono, hana kasoro hata moja.

Nikasema mbuzi achinjwe kwanza, aliwe, ndipo mzigo utoke. Wazee wakasema naam, ndivyo. Ismaili akanisogelea mpaka pua zetu zikakaribiana.

"Ndege ni kesho asubuhi, Hassani."

"Ratiba naijua kuliko wewe. Njoo alfajiri, utaikuta."

"Wallahi?"

"Njoo tu."

Sikuapa. Nakumbuka vizuri kwamba sikuapa, kana kwamba hilo litanisaidia.

Wote walipoondoka Sharifa aliuliza, "Mbona usimpe tu leo? Utani gani huu wa wiki tatu?" Nikamwambia mambo ya mabinamu hayamhusu, yeye hana binamu hapa. Akasema, "Kama ni utani, mbona wewe huchekelei?"

Nitalijibu daftari. Nina wivu. Namwonea Ismaili wivu wa meza, wa wino mwekundu, wa mjomba kumwita meneja. Namwonea wivu kwa sababu alisema "posta" kabla yangu, na njia ile ilikuwa yangu. Namwonea wivu hata wa ule moyo wake wa kutembea na mbuzi matopeni akiamini kwamba mimi ni mtani wake.

Jumanne, 16 Januari

Niliondoka kabla ya adhana ya alfajiri. Sanduku nimelifunga na ufunguo niko nao. Nilipanda baiskeli mpaka Mikindani, kumpa mzee Mohamedraza mkono wa Idi.

Alishangaa kuniona mapema vile. Jenabai alileta chai na mkate wa mchele. Tulizungumza habari za matairi. Saa mbili ilipiga kwenye saa yao ya ukutani, nikaisikia yote, mlio wa kwanza mpaka wa nane. Baada ya muda ndege ikapita juu yetu, ikienda Dar.

"Ndege ya barua," Mohamedraza akasema. "Leo imewahi." Kisha akaniuliza mbona sili.

Nilirudi adhuhuri. Ismaili alikuwa amekaa kwenye ngazi yangu. Sharifa alisema alikuwepo pale tangu giza, aligonga, akaambiwa sipo, akakaa. Watu walikuwa wamekusanyika kwa nyama. Nikatoa bahasha kwa mbwembwe, nikaibusu, nikampa kwa mikono miwili. Watu wakacheka, wakapiga vigelegele.

Akaifungua pale pale. Akatoa fomu, akaisoma tarehe, akaikunja tena katika mikunjo yake ile ile. Halafu akacheka. Kilikuwa kicheko kidogo, cha puani.

"Umenipata, binamu," akasema. Akala nyama kidogo mbele ya watu, akanawa, akaondoka.

Jumatano, 17 Januari

Ismaili amepeleka simu ya maandishi Dar. Wamejibu kwamba fomu zitakazochelewa ni za mtihani wa mwakani. Mwakani kiti kitakuwa na mtu.

Asubuhi nilimkuta mezani kwake ofisini. Nikamwamkia kama kawaida: "Hawajakuzika?"

Akasimama. Akanipa mkono.

"Habari za asubuhi, Ndugu Hassani."

Nilidhani anatania.

Alhamisi, 18 Januari

"Habari za asubuhi, Ndugu Hassani."

Ijumaa, 19 Januari

Nilimwekea chai yangu karibu na mkono wake, moto, ina sukari nyingi kama anavyopenda. Akaisogeza upande wangu taratibu, isimwagike. "Chai yako, Ndugu Hassani."

Jumatatu, 22 Januari

Meneja ameniita. Anasema Ismaili amemsikitisha, kijana mwenye akili kushindwa kurudisha karatasi kwa wakati, na usafirishaji wenyewe ni wakati. Ismaili hakumweleza chochote. Basi jina la chuo cha Dar ni langu, na mshahara utaendelea. Akaniuliza kama nyumbani hakuna kizuizi.

Ningeweza kusema pale. Kalamu yake ilikuwa hewani, jina halijaandikwa bado, na saa ile niliijua. Nikasema hakuna kizuizi.

Jumatano, 24 Januari

Nimemwambia Sharifa yote. Hakugomba. Aliuliza tu kama fomu yangu mwenyewe ilikwenda kwa wakati. Nikasema ndiyo, tangu Desemba. Akaendelea kuchambua mchele.

Jumamosi, 27 Januari

Lori limesimama mlangoni kwangu, juu yake iko meza ya mninga. Hati ya mzigo imeandikwa kwa mwandiko wa Ismaili, haina kosa hata la nukta: meza moja, droo mbili, mpokeaji Ndugu Hassani Rashidi. Selemani anasema Ismaili alimweleza mjomba kwamba meza ni ya anayesoma. Nimetia sahihi. Naandika haya nikiwa nimekaa chini, kwenye mkeka.

Alhamisi, 1 Februari. Melini

Barabara bado imekatika, kwa hiyo nimepanda meli bandarini Mtwara. Wamekuja kuniaga Sharifa, mjomba, wapagazi wa ghala, na Ismaili pia, maana kutokuja kungezungumzwa.

Kwetu binamu akisafiri, mtani wake hulikamata sanduku lake, hulikalia, haliachi mpaka alipwe. Tulipokwenda jandoni alinishikia hata mkeka. Jana nilinunua kofia ya kushonwa kwa mkono, nzuri kuliko ile ya Idi, nikaitia mfukoni ikiwa katika karatasi yake. Ya kukombolea.

Nililiweka sanduku langu mbali na miguu yangu, karibu na yeye kabisa, kamba yake ikielekea mkononi kwake. Nikampa mgongo. Nikamsemesha mjomba habari ya mikorosho yake, sijui aliniambia nini. Nilikuwa nasikiliza nyuma tu. Niliwapa wapagazi mikono mmoja mmoja, nikarudia niliokwisha wapa. Honi ya meli ikalia.

Nikageuka. Sanduku lilikuwa pale pale. Ismaili alikuwa amesimama kando yake, mikono nyuma, kama askari wa zamu.

"Chukua mzigo wako, Ndugu Hassani," akasema kwa upole. "Bandarini hapa watu huibiana."

Nimelibeba mwenyewe mpaka juu. Kofia ninayo bado mfukoni, katika karatasi yake.